Sura ya 4: Kabla ya Chuma, Baada ya Chuma

Jimu niliyofundishia kwa miaka mingi kule Temeke haikuwa na vioo wala feni. Ilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba, nusu umeezekwa bati, nusu uko wazi. Vyuma tulijitengenezea wenyewe: bomba la maji lenye kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa zege, gia za lori zilizokwisha meno, na benchi la mbao ambalo seremala jirani alilikaza miguu mara tatu. Vijana walianza kuingia saa 11 jioni, wametoka vibaruani. Mmoja wao, mpakuzi wa magunia sokoni, alikuwa msikivu kuliko wote, lakini alikuwa na tabia iliyonisumbua. Ikifika seti ya mwisho anatazama simu, anarudisha chuma, anavaa shati juu ya jasho, anatoka mbio. Jioni moja nikamzuia mlangoni.

“Unakimbilia wapi? Bado seti moja.”

“Kocha, nusu saa inakwisha. Nisipokula ndani ya nusu saa, mazoezi ya leo yote bure.”

“Nani kakwambia?”

“Kila mtu anajua, kocha.”

Nyumbani kwao, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa akivunja mayai manne mabichi kwenye kikombe cha bati, anayakoroga kwa kijiko, anafumba macho, anakunywa. Kisha anajilaza hadi saa 3 usiku, ugali wa mama yake ukiwa tayari. Nilipomuuliza amekula nini mchana kutwa, akasema chai ya rangi asubuhi, mihogo ya kukaanga saa 7, basi.

Nilisikitika kweli. Huyu alikuwa kijana wa jasho, asiyekosa siku, na kila jioni alikuwa anapunjika mara tatu. Aliacha seti aliyoihitaji. Alikunywa mayai ambayo karibu nusu yake haikumfaidia, na sababu yake nitaieleza. Na zaidi ya yote, siku nzima mwili wake ulikuwa haujapewa kitu cha kujengea. Nusu saa aliyoikimbilia ndiyo iliyokuwa shida ndogo kuliko zote.

Tuanze na msuli wenyewe. Mvuvi wa pwani anajua kwamba wavu haukai kama ulivyonunuliwa. Usiku baharini matundu kadhaa yanatatuka. Asubuhi anakaa kivulini na sindano yake anayashona. Nyuzi zinatoka, nyuzi zinaingia, na wavu unabaki wavu. Msuli nao ndivyo ulivyo. Mchana na usiku, hata ukiwa umelala, kuna protini zinazobomolewa humo na nyingine zinazojengwa. Kinachojengwa kikizidi kinachobomolewa kwa wiki na miezi, msuli unanenepa. Kikipungua, unakonda, hata kama unabeba chuma kila siku.

Kunyanyua vyuma kunaharakisha kazi zote mbili. Ujenzi unapanda sana, na ubomoaji nao unapanda. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu akifanya mazoezi na tumbo tupu, kisha akaendelea kukaa bila kula, hesabu yake inabaki hasara. Imepungua hasara hiyo kuliko kabla ya mazoezi, lakini bado ni hasara. Chuma kinatoa amri ya kujenga. Nyuzi za kujengea zinatoka kwenye sahani. Nyuzi hizo zinaitwa asidi amino, na tumbo linazipata kwa kuisaga protini ya chakula.

Amri hiyo inadumu muda gani? Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani walipima misuli ya watu waliotoka kunyanyua uzito, saa 3 baada ya mazoezi, kisha saa 24, kisha saa 48. Baada ya saa 3 kasi ya ujenzi ilikuwa zaidi ya maradufu ya kawaida. Baada ya siku nzima bado ilikuwa juu. Baada ya siku mbili ilikuwa bado imezidi ya kawaida kwa karibu theluthi. Kijana wetu wa magunia alikuwa anaukimbilia mlango ambao hata kesho yake jioni ungekuwa wazi.

Basi hii nusu saa ilitoka wapi? Haikuzuliwa hivi hivi. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifanyika majaribio mengi ya maabara ambamo watu walipewa asidi amino au protini kabla au mara tu baada ya mazoezi, na ujenzi wa msuli ukapimwa kwa saa chache. Ilionekana wazi kwamba chakula karibu na mazoezi kinasaidia. Lakini mara nyingi watu wale walifika maabara asubuhi, hawajatia kitu mdomoni tangu usiku. Kwa mtu mwenye tumbo tupu, kula haraka kuna maana. Habari ilipotoka maabara ikaingia katika matangazo ya makopo ya unga wa protini, lile sharti la tumbo tupu likaachwa njiani, ikabaki nusu saa peke yake.

Mwaka 2013 Brad Schoenfeld, Alan Aragon na James Krieger walikusanya majaribio 23 yaliyohusu muda wa kula protini na kuyapima pamoja. Mwanzoni ilionekana kama waliokula karibu na mazoezi walifaidika zaidi kidogo. Walipochunguza kiasi cha protini ambacho kila kundi lilikula kwa siku, waligundua kwamba waliokula karibu na mazoezi kwa kawaida ndio waliokula protini nyingi zaidi kwa jumla. Tofauti hiyo ilipoondolewa katika hesabu, faida ya muda nayo ikatoweka. Mwaka 2017 Schoenfeld na wenzake wakafanya jaribio lao: wanaume 21 waliozoea vyuma, wiki 10, wote wakipewa gramu 25 za protini, kundi moja kabla ya mazoezi na jingine baada yake. Misuli na nguvu zao havikuachana.

Kilichobaki kimesimama ni jumla ya siku. Mwaka 2018 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa majaribio 49 yenye washiriki 1,863. Ulionyesha kwamba protini ikiongezwa katika chakula cha wanaonyanyua vyuma, misuli inaongezeka, hadi kufikia gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Ukizidisha hapo, faida kwa watu wengi inakuwa ndogo au haionekani. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 112 hivi. Mtu wa kilo 60, gramu 96. Kiwango cha kawaida kinachopendekezwa kwa mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito ni gramu 0.8 kwa kilo, kwa hiyo anayejenga misuli anatakiwa ale kama maradufu yake.

Niliketi na yule kijana kwenye benchi tukahesabu. Alikuwa na kilo 64. Mayai manne, yai moja lina gramu 6 hivi: 24 kama yote yangefyonzwa. Ugali na mchicha wa usiku: labda 15. Mihogo ina protini kidogo mno, chai haina kitu. Hakufika 45, na alihitaji 102. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia zile namba nilizoandika kwa mkaa kwenye bati.

Sasa usije ukanielewa kwamba saa haina kazi kabisa. Ina kazi, na kwa watu wetu wengi ina kazi kubwa kuliko kwa mwanafunzi wa chuo kule Marekani anayekula mara tano kwa siku. Kanuni ninayoifuata ni hii: mlo wenye protini wa kabla ya mazoezi na ule wa baada yake isiachane zaidi ya saa 4, au saa 5 hadi 6 kama mlo wa kwanza ulikuwa mkubwa na mzito. Mlo mkubwa wa wali, samaki na mboga hauishi tumboni kwa saa moja; asidi amino zinaendelea kuingia kwenye damu kwa saa kadhaa. Ukila saa 9 alasiri, ukafanya mazoezi saa 11 hadi 12 na nusu, ukala chakula cha usiku saa 2, uko salama na huna haja ya kukimbia. Lakini ukila saa 6 mchana, ukafika jimu saa 12 jioni, ukapanda daladala mbili kwenye foleni na ukala saa 4 usiku, zimepita saa 10. Kwako wewe chakula cha haraka baada ya mazoezi, au kidogo kabla yake, ni cha lazima.

Vivyo hivyo kwa wanaonyanyua alfajiri. Nawajua walinzi na walimu wengi wanaoingia jimu saa 12 asubuhi kwa sababu ndiyo saa pekee waliyo nayo. Tumbo linakuwa limekaa saa 9 au 10 bila chakula. Huyu akipata ndizi moja na bilauri ya maziwa kabla ya kutoka, au akipitiliza moja kwa moja kutoka jimu hadi kwenye kifungua kinywa chenye mayai, amefanya vizuri. Chai ya rangi na chapati mbili haitoshi. Chapati inashibisha, lakini hizo mbili hazikupi hata nusu ya protini unayoitaka asubuhi hiyo.

Chakula cha kabla kina kazi nyingine, nayo ni nishati. Msuli unapoinua uzito unachoma zaidi sukari iliyohifadhiwa ndani yake, inayoitwa glaikojeni, na hiyo inatokana na wanga: ugali, wali, viazi, ndizi, magimbi. Mazoezi ya vyuma ya kawaida hula robo hadi theluthi ya akiba hiyo katika misuli iliyofanya kazi. Haimalizi ghala, kwa hiyo mtu aliyekula wanga wa kutosha mchana haishiwi njiani. Aliyeshinda na chai ndiye utamwona seti ya tatu mikono inatetemeka na macho yanaona giza.

Kuhusu nini cha kula na saa ngapi, tumbo lako ndilo mwalimu, ila kuna mambo ambayo nimeyaona yakijirudia kwa watu wengi. Nilipokuwa kijana niliwahi kula sahani nzima ya wali maharage kwa mama ntilie, nikaongeza chapati, na baada ya dakika 30 nikaingia kufanya skwoti na ekseli ya gari mabegani. Seti ya pili nilishindwa kupumua. Chakula kilikuwa bado kimejaa tumboni, na unapochuchumaa na uzito unahitaji kujaza pumzi na kukaza tumbo kama ngoma. Tumbo lililojaa chakula halikazwi. Niliweka ekseli chini nikatoka nje kutapika. Maharage ni chakula kizuri sana cha msuli, lakini mahali pake ni saa 3 kabla ya mazoezi, au baada yake. Vyakula vyenye mafuta mengi, kama chipsi mayai na nyama ya kukaanga, navyo hukaa tumboni muda mrefu. Saa moja au chini yake kabla ya chuma, chukua vitu vyepesi: ndizi mbivu mbili, kiazi kitamu kidogo kilichochemshwa, kikombe cha uji, maziwa kama yanakukubali. Na maji. Jua la Dar es Salaam au la Mombasa linakutoa maji tangu asubuhi, na wengi wanafika jimu wakiwa na kiu ambayo hata hawaisikii tena.

Baada ya mazoezi, kiasi gani? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapa vijana waliomaliza mazoezi ya miguu protini ya yai kwa viwango tofauti: sifuri, gramu 5, 10, 20 na 40. Ujenzi wa msuli uliongezeka hadi gramu 20. Ya 40 haikuongeza kitu cha maana. Kuanzia hapo watu wakasema mwili hauwezi kutumia zaidi ya gramu 20 kwa mlo mmoja, ziada inakwenda chooni. Hilo si kweli. Waliofanya mazoezi ya mwili mzima walifaidika zaidi na 40 katika jaribio la mwaka 2016. Na mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walilinganisha gramu 25 na gramu 100 za protini ya maziwa katika mlo mmoja na kufuatilia kwa saa 12. Mlo mkubwa ulisagwa polepole na kuendelea kujenga kwa muda mrefu zaidi. Hakukuwa na dalili kwamba ziada ilipotea. Habari hii ni njema kwa familia zetu, maana katika nyumba nyingi mlo mkubwa wa siku ni mmoja, wa usiku, na sinia ni la pamoja.

Ninachowaambia wanafunzi wangu ni gramu 20 hadi 40 katika mlo wa baada ya mazoezi, pamoja na wanga wa kutosha. Na sasa nirudi kwenye kile kikombe cha mayai mabichi, kwa sababu ni jambo linaloniuma.

Kizazi changu kilijifunza kunywa mayai mabichi katika mabanda ya video. Filamu ya Rocky ya mwaka 1976 inamwonyesha Sylvester Stallone akiamka gizani, anavunja mayai matano ndani ya glasi, anayameza yote kwa mkupuo, kisha anatoka kukimbia. Sisi tuliamini hiyo ndiyo siri ya mabondia. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipima ni protini kiasi gani ya yai inafyonzwa kweli. Ya yai lililopikwa ilifyonzwa kwa asilimia 91 hivi. Ya yai bichi, asilimia 51. Moto unalegeza protini za yai, na vimeng’enya vya tumbo vinapata pa kuingilia. Kwa hiyo yule kijana alipokunywa mayai manne alipata kama mawili, na akajiweka katika hatari ya vijidudu vya kuharisha. Kuchemsha mayai manne kunataka sufuria ndogo, maji na dakika 10.

Wapo pia wanaotupa kiini na kula ute tu kwa kuogopa mafuta. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma mayai mazima au ute peke yake, protini ikiwa sawa, gramu 18. Mayai mazima yalijenga msuli zaidi. Kula yai lako lote.

Mayai si lazima. Chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa jioni ya mazoezi ni ugali na dagaa. Dagaa wakavu, wawe wa Mwanza au wa Kigoma, katika kila gramu 100 wana protini karibu gramu 60, kwa sababu maji yameshatoka. Viganja viwili, kama gramu 40, vinakupa 24. Waondoe vichwa ukitaka, waoshe kwa maji ya moto mchanga utoke, wakaange kwa kitunguu na nyanya, uweke ndimu. Ugali wa dona nao unaleta gramu 12 hivi kwa sahani ya mtu aliyetoka kazini. Umevuka 35, na bado mchicha.

Na asiye na samaki? Hapa bibi zetu walitangulia maabara. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage yana laisini nyingi, lakini yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Makande, ambayo jirani zetu wa Kenya wanayaita githeri, yanaweka viwili hivyo kwenye chungu kimoja. Ni kweli kwamba protini ya mimea inasagwa kwa taabu zaidi na ina uchache wa leusini, ile asidi amino inayowasha ujenzi wa msuli, kwa hiyo inabidi ule bakuli kubwa kuliko la mla nyama. Lakini inawezekana. Mwaka 2021 huko Brazil, vijana wasiokula kabisa kitu cha mnyama walilinganishwa na wanaokula kila kitu, wote wakifikia gramu 1.6 kwa kilo, wa kwanza wakisaidiwa na soya. Baada ya wiki 12 za mazoezi misuli ya makundi yote mawili iliongezeka sawa.

Jambo moja la baada ya mazoezi sitalizungukazunguka: bia. Najua jimu nyingi ziko hatua chache kutoka baa, na Ijumaa jioni watu wanatoka pamoja. Mwaka 2014 huko Australia wanaume waliofanya mazoezi walipewa pombe nyingi pamoja na protini. Ujenzi wa msuli ulishuka kwa asilimia 24 ukilinganisha na protini bila pombe. Walipopewa pombe na wanga bila protini, ulishuka kwa asilimia 37. Kiasi kile kilikuwa cha kulewa kweli, si chupa moja. Lakini wengi wanaokwenda baa baada ya jimu hawaishii moja.

Ramadhani inahitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila mwaka napoteza nusu ya wanafunzi mwezi ule na wengi wanarudi Shawwal wakidhani wameshapoteza kila kitu. Katika ukanda wetu, karibu na ikweta, saumu inachukua saa 13 hadi 14, iwe Ramadhani imeangukia mwezi gani. Hilo si jangwa. Mwaka 2013 Khaled Trabelsi na wenzake nchini Tunisia walichapisha utafiti juu ya watunisha misuli 16 waliofunga mwezi mzima. Wanane walifanya mazoezi mchana wakiwa wamefunga, wanane usiku baada ya kufuturu. Mwisho wa mwezi, uzito na mafuta ya mwili havikubadilika katika makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwenye damu: ya waliofanya mazoezi wakiwa wamefunga ilionyesha dalili za kupungukiwa maji. Kwa sababu hiyo mimi nawataka vijana wangu wanyanyue usiku.

Ratiba inayofaa ni hii. Adhana ya magharibi, fungua kwa tende tatu na maji, na kikombe cha uji. Tende ni sukari nyepesi inayoingia damuni upesi. Swali, kisha kula kidogo. Wanaotaka kufanya mazoezi kabla ya isha wapate nafasi hapo, mazoezi mafupi ya dakika 45. Wengine huja baada ya tarawehe. Ukimaliza, sasa ndiyo ule mlo mkubwa.

Tatizo la futari yetu liko kwenye mpangilio wake. Angalia sinia la nyumba ya Tanga au Unguja: mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, tambi, kaimati, vitumbua. Vyote ni vitamu, vyote ni wanga na mafuta. Mtu anashiba hadi anashindwa kuinuka, na protini aliyokula haifiki gramu 15. Sitaki mtu aiache futari ya kwao. Naomba tu pembeni ya mihogo kiwekwe kitu: mbaazi za nazi, kunde, samaki wa kupaka, bajia za dengu, mayai ya kuchemsha. Hata supu ya pweza, ambayo wauzaji wanaipika barabarani jioni na vijana wanaisifia kwa sababu nyingine, ni chakula cha msuli hasa. Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini karibu 30.

Daku nalo usiliache. Mtume amelihimiza, na mwili unalihitaji kwa sababu ndilo lango la mwisho kabla ya saa 13 kavu. Wali uliobaki na maharage, mayai mawili, kikombe cha mtindi, maji ya kutosha. Maziwa na mtindi vina protini inayosagwa taratibu, na watafiti wa Maastricht waliwahi kuonyesha mwaka 2012 kwamba gramu 40 za protini ya aina hiyo kabla ya kulala huendelea kujenga msuli usiku kucha. Anayelala tena baada ya daku anaweza kupata faida kama hiyo.

Dada mmoja muuguzi, mwanafunzi wangu wa zamu za usiku, aliniuliza kama kula saa 4 usiku baada ya mazoezi hakutamletea kitambi. Nilimjibu kwamba kitambi kinaletwa na jumla ya chakula kilichozidi mahitaji, na kwamba mtu aliyetoka kunyanyua vyuma akilala na njaa ndiye anayejidhulumu. Aliendelea kula ndizi nyama yake ya usiku.

Unga wa kopo nimeuacha mwisho kwa makusudi. Ni maziwa yaliyokaushwa na kuchujwa, hakuna uchawi ndani yake. Mwenye uwezo na mwenye haraka anaweza kuutumia. Asiye nao hajakosa kitu ambacho soko la samaki au genge la mayai halina. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini, ya kopo wala ya sahani, kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Yule kijana wa sokoni alibadilisha siku yake hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha na maziwa robo lita kwa viazi vitamu: gramu 28 hivi. Mchana wali na bakuli kubwa la maharage: 28. Saa 10 jioni ndizi mbili na kiganja cha karanga: 9. Usiku ugali, dagaa na mchicha: 38. Jumla 103, gramu moja juu ya alizohitaji, na hakuna siku aliyokwenda dukani kununua kopo. Akaacha kukimbia. Akamaliza seti zake.

Kabla hujafungua sura ya 5, chukua kalamu uandike kila ulichokula jana, tangu chai ya asubuhi hadi ulipolala, na saa uliyokila. Zidisha kilo zako kwa 1.6, kisha linganisha. Fanya hivyo leo, kabla hujaongeza kilo nyingine kwenye chuma chako.